Shibiri Isiyosemwa

Idi ilikuwa imekaribia, na duka la vitambaa la Kamrudin, katikati ya jiji la Kisumu, lilifurika wanunuzi hata mlango wake haukuonekana. Nduta aliingia kwa kusukumwa, pindo la gauni lake la samawati likanasa kwenye bawaba, na kabla hajavuta pumzi akasikia sauti kutoka nyuma ya meza ya kupimia.

“Wewe dada! Kila siku unaingia, unapapasa vitambaa vyangu, unatoka. Vimekukosea nini?”

“Sikuja kununua. Nimekuja kutazama watu wakinunua.”

“Subhanallah! Na kazi hiyo ina mshahara?”

“Ina shahada ya uzamivu, Mungu akipenda.”

Kamrudin alicheka hadi kofia yake ikaenda upande. Akamsogezea stuli kando ya marobota ya hariri. “Basi kaa. Ukichoka kutazama wateja, nitazame mimi.”

Nduta hakuchoka kutazama wateja, lakini mwezi haukuisha kabla hajaanza kumtazama yeye.

Wazazi wa Nduta, waliotoka Nyeri zamani, walikuwa na duka la nafaka kule Mamboleo, na tangu utotoni alikuwa na swali moja: kwa nini mteja ayapite maduka yenye bei nafuu, arudi kwa mwuzaji yule yule? Swali hilo ndilo lililompeleka chuo kikuu kusomea tabia za wateja, na ndilo lililokuwa likimzamisha. Msimamizi wake, Profesa Wakhungu, alikuwa amemrudishia sura ya matokeo tena na tena.

“Haya yote yanajulikana, Nduta. Niletee jambo jipya. Kamati imechoka kukuongezea muda. Safari hii itakufuta.”

Jioni simu ya Kamrudin ilimfuta machozi.

“Daktari wangu, umekula?”

“Bado sijawa daktari.”

“Mgonjwa wako ameshaugua, wewe unangoja cheti!”

“Unaumwa wapi?”

“Nikikuonyesha kwa simu, mtandao utakatika.”

Nduta alicheka, akajichukia kwa kucheka, akacheka tena.

Jambo jipya alilisikia kwa Seline, fundi cherehani wa Kaloleni aliyekuwa mteja wa siku nyingi. “Mimi sijui ni nini,” Seline alimwambia. “Lakini hii kitambaa ya Kamrudin inatoshanga. Ile ya wengine, ukifika kwa mkono ya gauni, imeisha.”

Jumapili hiyo wapenzi hao waliketi ufukweni Dunga, magugu maji yakiwa yametanda hadi miguuni pao, na Nduta akamuuliza kwa nini vitambaa vyake hutosha. Kamrudin alikitazama kiganja chake.

“Ni mama yangu,” akasema. “Alipokuwa akifa alinishika mkono huu. Akaniambia, mwanangu, ukishapima mita za mtu, ongeza shibiri moja ya kiganja chako ndipo ukate, na usimwambie. Ni sadaka yake, Nduta. Namtumia kaburini, shibiri kwa shibiri. Ikitajwa, imekuwa biashara.”

“Mbona mimi umenitajia?”

“Kwa sababu ukimaliza masomo nitamleta baba yangu kwa wazee wako kule Mamboleo, tukupose. Siku moja utasimama upande wangu wa meza, na mkono wako nao utapima.”

Nduta alikitandaza kiganja chake juu ya kiganja cha Kamrudin. Kilikuwa kifupi. Wakacheka.

Barua ya kamati ilipokuja, ikisema hiyo ndiyo nafasi ya mwisho, Nduta aliketi akaiandika shibiri. Aliandika kama alivyofunzwa: hakutaja jina, hakutaja mtaa wala dini. Kamrudin akawa “Mshiriki wa Saba”. Nduta akalala akiamini ameitunza siri. Profesa Wakhungu aliisoma sura ile akampigia simu asubuhi hiyo hiyo. “Sasa umeniletea kitu!”

Siku ya kuitetea tasnifu, Kamrudin alikuja bila kualikwa, akitaka kumshangaza. Alivaa suti ya kijivu, akakaa safu ya nyuma na boksi la vitamutamu vya barfi mapajani. Nduta alimwona alipokwisha kuanza kusema.

“Hii shibiri ya siri,” akauliza mmoja wa wanajopo, “ni mbinu ya kumnasa mteja, au sivyo?”

Angejibu la, ni sadaka tu, sura nzima ingeporomoka, na miaka yake yote pamoja nayo. Alimtazama Profesa. Hakuthubutu kutazama safu ya nyuma.

“Ndiyo,” akasema. “Ni mbinu.”

Waliposimama kumpigia makofi, boksi la barfi lilikuwa peke yake kwenye kiti.

Alipiga simu mpaka ikapokewa. “Kamru, nililificha jina lako!”

“Jina langu la kazi gani? Ungelipaka kwenye ukuta wa soko nisingejali. Nilikuomba ufiche tendo.”

“Nisamehe, mpenzi.”

“Nimekusamehe, wallahi. Lakini nikishika mkasi, simwoni tena mama.”

Ukumbini siku ile walikuwapo wafanyabiashara, na habari ilitembea. Duka la jirani likatundika bango: SHIBIRI YA BURE. Wateja wakaanza kuidai kwa Kamrudin pia, kwa sauti, wengine wakimpimia kwa viganja vyao wenyewe, naye akiwakatia hiyo shibiri.

Wiki ya mahafali, Nduta aliingia dukani. Alidhani akinunua kitambaa cha gauni la siku ile kutoka mkononi mwa Kamrudin, pengine mkono huo ungekumbuka.

“Karibu, Daktari,” alisema Kamrudin. Alikuwa mpole, kama alivyokuwa kwa kila mtu.

“Mita tatu. Ile nyeupe.”

Alipima. Nduta alikikodolea macho kidole gumba cha Kamrudin kilipofika kwenye alama. Kiganja kilianza kufunguka, kikatulia, kikajikunja. Mkasi ukashuka pale pale.

“Mita tatu,” alisema, akamfungia.

Kaloleni, Seline alikitandaza kitambaa mezani, akakipima, akakipima tena, akakuna kichwa.

“Daktari, hii ni ya Kamrudin kweli? Mkono imekosa.”

“Ni yake,” alisema Nduta. “Shona tu bila mikono.”