Isidore alikunywa nini?

Makosa ilikuwa yangu. Naanza na ile, juu hakuna mutu mwengine ataisema. Miye Henri, mwalimu, mutu wa diplome d'État, nilimuambia Mama Dany: "Bwana yako asaini tu karatasi ya polisi, atatoka mbele ya midi, saa sita." Na nilisema vile nikiwa nacheka. Wakati ya vita ile, mu Bunia, mutu mwenye hakujua kucheka alikuwa analia tu, asubui na mangaribi. Miye nilichagua kucheka. Lakini siku ile nilicheka pahali ya kusoma.

Isidore ni jirani yangu, lupango kwa lupango, ni ukuta tu inatutenga. Ni motari: anabeba watu na pikipiki yake, na ile njo inalisha nyumba. Bibi yake ni Angèle, lakini siye wote tunamuitaka Mama Dany. Kila asubui Isidore anapangusa pikipiki mbele ya kunawa uso.

"Ungeoa pikipiki," Mama Dany anamuchokoza.

"Haisemake mingi," Isidore anajibu.

Asubui ile alitoka amevaa koti mpaka ku shingo, na jua ilikuwa inawaka. Malaria ilimushika.

"Leo lala, Baba Dany," Mama Dany alimuambia.

"Nikilala tutakula nini? Nimekwisha kunywa kinini ya malaria. Itapita."

"Juu ya nini unapiga kelele? Miye niko hapa karibu."

"Nini?"

"Nasema unapiga kelele."

"Masikio inalia. Kinini inafanyaka vile."

Akawasha pikipiki, akaenda.

Ku soko alipata mutu moja wa kule Kilo, mwenye bido ya plastiki imejaa kaikpo, ile pombe kali ya mihogo. Wakapanda, bido katikati yao. Wakati ule tribinali ya Bunia, nyumba ya hukumu, ilikuwa imefunguka tena na polisi ilikuwa imerudi mu barabara. Lakini ku vilima bunduki ilikuwa ingali inalia, na kila bariere, pale polisi wanafunga barabara na muti, watu walikuwa wanapita na roho mukononi.

Ku bariere moja polisi alipiga filimbi. Isidore hakusikia. Polisi alipiga tena. Pikipiki iliendelea.

Kupita bariere bila kusimama, wakati ule, ilikuwa sawa kuita kifo na jina yake. Polisi moja alitia risasi mu bunduki. Mama moja muuza mihogo alilala chini na beseni yake. Mutu wa Kilo alimupiga Isidore ngumi ku mugongo. Njo Isidore aliinua macho, akaona mudomo ya bunduki. Akakanyaga frein, pikipiki ikateleza, ikagonga muti ya bariere. Bido ikapasuka. Kaikpo yote ikamwangika mu suruali ya Isidore. Mutu wa Kilo alisimama akakimbia, na mpaka leo hajarudi kuuliza bido yake.

Polisi mwenye bunduki alinusa.

"Umekunywa?"

"Ndiyo, chefu, nilikunywa."

"Mingi?"

"Mbili tu. Ku midi nitakunywa tena mbili."

Wakamupeleka mu kasho, chumba ya kufungia watu.

Motari mwenzake alikuja mbio kutuambia. Tulienda ku polisi, miye na Mama Dany. Tulimukuta Isidore amekaa ku kiti mbele ya OPJ, yule polisi mwenye anauliza maswali na kuandika majibu. Karatasi yenye anaandika inaitwa PV. OPJ yule hakuwa mutu mubaya. Alikuwa amechoka, macho nyekundu. Pale nje, mu kiwanja, pikipiki zingine zenye polisi ilikamata zilikuwa zimelala siku mingi, majani inaota mu magurudumu yao.

"Amekubali kosa," OPJ alisema. "Aliendesha akiwa mulevi. Akisaini, natuma dosie ku parke, kwa magistra mwenye anashitaki watu."

Niliinama kwa Mama Dany. Pale njo nilisema neno yangu ya ujinga: asaini tu, atatoka.

Aliniangalia.

"Mwalimu, unajua yenye iko imeandikwa mule?"

"Ni PV, Mama Dany. Watu wote wanasainika."

"Umeisoma?"

Nilinyoosha shingo nione karatasi ku meza.

"Kama magistra anaona mutu amekubali ulevi, anamutuma wapi? Nyumbani?"

Niliacha kucheka.

"Miye naenda kuita Maître Emerance, yule mama wa sheria, mwenye anatetea watu mu tribinali. Weye baki. Akishika bic ya kusaini, shika mukono yake."

Akaenda bila kufunga kitambaa vizuri. Miye nilibaki nimesimama nyuma ya Isidore. OPJ alisukuma karatasi.

"Saini hapa, chini."

"Nini?" Isidore aliuliza.

OPJ akagonga kidole ku karatasi. Isidore alishika bic. Alikuwa anatetemeka, jasho inashuka mu macho. Bic ilikuwa imekwisha kugusa karatasi wakati nilimushika mukono.

"Mwalimu, unamukataza?" OPJ aliuliza. Sauti yake haikuwa tena ya mutu mwenye amechoka.

"Hapana, chefu. Namusalimia."

"Salamu yenu ni ndefu."

"Tuko majirani, chefu."

Polisi mwenye bunduki alisogea kwa mulango. Nilijua wanaweza kunitia miye pia mu kasho. Mukono ya Isidore ilikuwa inawaka sawa jiwe ya jikoni. Sikuiacha. Hakuna kichekesho kingine kilikuja mu kichwa yangu.

Njo tulisikia sauti ya Maître Emerance mu kiwanja. Aliingia, Mama Dany nyuma yake, akasalimia OPJ na heshima, akasalimia polisi wa mulango, akavuta kiti.

"Chefu, miye ni mutetezi wa Isidore. Sheria inamupa ruhusa ya kuwa na mutetezi hata hapa ku polisi, si ku tribinali tu. Alisaini?"

"Bado. Mwalimu anamusalimia."

"Vizuri. Isidore, walikusomea karatasi hii?"

"Nini?"

Akasema tena, kwa nguvu.

"Hapana, Maître. Ni Kifaransa. Miye niliacha masomo mu darasa ya nne, quatrième primaire."

Maître alimugeukia OPJ.

"Chefu, unajua kazi yako kunipita. Mutu akikamatwa, anaelezwa sababu mu luga anasikia. PV inasomwa kwake mbele ya kusaini. Kama kuko neno haiko yake, inasahihishwa. Kama anakataa kusaini, unaandika kwamba amekataa na sababu yake. Hakuna mutu anaweza kumulazimisha, wala kumupiga. Nakuomba tusome."

OPJ alipumua. Akasoma, akitafsiri pole pole. Alipofika ku "amekubali kwamba alikunywa mbili", Isidore aliinua kichwa.

"Ndiyo. Mbili. Za nyeupe."

"Za nyeupe?" OPJ aliuliza.

"Za kinini."

Unajua, kwetu pombe tunakunywa, na dawa tunakunywa. Neno ni moja. Polisi aliuliza pombe, Isidore alijibu dawa, na bic ya OPJ iliandika kwa haraka.

"Uongo," polisi wa mulango alisema. "Mutu huyu ananuka kaikpo mpaka mu barabara."

"Nini inanuka?" Maître aliuliza. "Mudomo ao suruali? Chefu, nusa mudomo. Na kama unaona mashaka ingali, tumupeleke kwa munganga wa hospitali amupime leo hii. Ulevi hauhakikishwi na suruali."

OPJ alisimama, akainama mbele ya Isidore.

"Pumua."

"Nini?"

"Pumua."

Isidore alipumua. OPJ alifunga macho kidogo, akasukuma kichwa nyuma.

"Malaria," alisema. "Pombe hakuna."

"Kumbe suruali njo ililewa," nilisema. "Tuweke suruali mu kasho, mutu aende."

Ni Mama Dany peke yake alicheka, na alicheka huku anapangusa machozi. Nyuma yake polisi wa mulango alishusha bunduki.

OPJ alifuta musitari ya ulevi, akaandika ya kinini na ya bido, akasoma tena mu Kiswahili kutoka juu mpaka chini. Pale njo Isidore alisaini, na mukono yake mwenyewe, miye niko mbali.

"Bariere imevunjika," OPJ alisema. "Ile ingali kesi. Tukikuita, utakuja."

"Atakuja," Maître alisema. "Na miye nitakuja naye. Lakini usimuweke ndani kwa kungojea. Polisi haina ruhusa ya kufunga mutu kupita masaa quarante-huit, siku mbili. Ikipita pale, ni kumutuma kwa magistra ao kumuacha."

Halafu alimugeukia Isidore, na uso yake haikuwa ya kucheka.

"Na weye, Baba Dany. Dawa yenye inafunga masikio na kuzungusha kichwa, mutu hapandi nayo ku pikipiki. Hukulewa, lakini ungeua mutu. Wangekuua na weye. Bibi yako alikuambia nini asubui?"

"Alisema nilale."

"Njo sheria ya kwanza."

Kutoka siku ile, ku parkingi ya wamotari wa avenue yetu, mutu akikunywa dawa anasema "nimemeza". Kama ni pombe, anasema "nimekunywa", na wenzake wanamunyanganya funguo mpaka kesho yake. Isidore akishikwa na malaria, pikipiki inalala na yeye analala. Polisi walimuita tena juu ya bariere. Alienda na Maître, akasomewa kila kitu, akatengeneza muti ya bariere na mikono yake, kesi ikaisha. Na miye, mu darasa, wakati nafundisha wakubwa kusoma, karatasi ya kwanza nawapa ni PV ya mufano. Nawaambia: soma. Kama huwezi, omba wakusomee. Kama hawakusomei, weka bic chini.

Lakini siku ile, wakati tulikuwa tunatoka, Isidore anasukuma pikipiki na Mama Dany ameshika koti yake, tulipita mbele ya dirisha ya kasho. Vidole ya mutu ilikuwa imeshika fito ya chuma.

"Maître," sauti ilisema. "Miye ni Rachidi, wa Nia-Nia. Sina ndugu hapa muji. Nilisaini PV ya kwangu wiki iliyopita na hawakunisomea, na ningali humu. Unaweza kuniombea wanisomee?"

Tulisimama. Miye nilimuangalia Maître. Maître alimuangalia OPJ. OPJ, mwenye alitufuata mpaka ku mulango, aliinamisha macho, akaanza kutafuta kifuniko cha bic yake mu mufuko.