Fundi Saa na Vitamini ya Jua

Wateja wake walimwita Dakika Moja. Alikuwa fundi saa. Ukimpelekea saa iliyosimama, aliiweka sikioni, akasikiliza, akasema, "Dakika moja tu." Mara nyingi ilikuwa kweli. Kabla hujamaliza kusimulia jinsi saa yako ilivyoanguka, yeye keshaifungua, keshaisafisha, na mishale inatembea.

Kwa miaka kumi na minne alifanya kazi barazani, mbele ya duka la vitambaa. Alikuwa na meza ndogo na kiti cha mbao. Alikuwa pia mtu wa mizaha. Akimwona mtu anakimbia, alimwita, "Ndugu yangu, usikimbie! Saa yako iko mbele. Njoo niirudishe nyuma upumzike!" Watu walicheka, na wengine walisimama kweli.

Lakini barazani palikuwa na vumbi, na vumbi ni adui wa saa. Alipopata chumba chini ya jengo la jirani, alifurahi sana. Unashuka ngazi kumi na nane kukifikia. Hakina dirisha. Kina taa mbili nyeupe, meza pana, na vumbi halifiki.

"Sasa nimekuwa daktari," alimwambia mkewe. "Nina chumba cha upasuaji."

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule nyumbani, kwenye chumba cha mbele. Kila siku alimwona mumewe akitoka jua halijachomoza, na kurudi jua limekwisha kuzama. Hata chakula cha mchana mumewe alikula kulekule chini, mezani pake. Siku ya mapumziko alifunga pazia akalala.

Mwaka ukapita.

Hakuna aliyejua mambo yalianza kubadilika lini. Kwanza miguu ilikuwa mizito. Ngazi kumi na nane zikawa kama mlima. Mgongo na mapaja yakamuuma. Kisha mizaha ikapungua, na baadaye ikakoma kabisa. Akawa anakula vijiko vitatu na kuisukuma sahani. Akawa anakasirika kijiko kikianguka, na asubuhi nyingine hakwenda kazini.

"Mume wangu, kulikoni?" mkewe aliuliza.

"Nimechoka tu."

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Na leo nimechoka vile vile."

Mkewe alianza kuwaza mabaya. Pengine ana mwanamke mwingine. Alipopiga pasi mashati ya mumewe aliyanusa moja moja. Yalikuwa na harufu ya mafuta ya saa, basi. Alijionea haya. Lakini hofu haikumtoka.

Siku moja alikuja wifi yake, dada wa fundi saa. Mama huyu alikuwa akiuza vyombo vya nyumbani, na sauti yake ilifika mahali kabla yake.

"Wifi, umemfanya nini kaka yangu?" alisema, hata hajaketi. "Amenyauka! Mwambie ajikaze. Mwanamume hasononeki."

"Wifi, kama kumkaza mtu kungekuwa kushona, ningekwisha kumkaza kwa uzi mara mbili," mke alijibu. "Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemnyamazia. Sijui nimfanyeje tena."

Wakatazamana. Ndipo wifi akaketi.

Wiki ile ile, mnamo saa nne asubuhi, hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa muuguzi wa kituo cha afya, jirani yao wa nyumba ya tatu. Alivaa sare yake nyeupe.

"Samahani, dada," alisema. "Nilimpa mzee saa yangu, ile ninayoibana kifuani. Wiki tatu sasa. Nimekwenda dukani mara mbili, nimekuta kufuli. Nikasema, huyu si Dakika Moja ninayemjua."

Mke alitazama chini. "Yupo. Amelala."

"Saa nne hii? Anaumwa?"

Kabla mke hajajibu, mumewe alitoka chumbani. Hakuwa amenyoa ndevu. Mkononi alishika kikopo kidogo. Ndani yake kulikuwa na saa ya muuguzi, imefunguliwa vipande vipande.

"Nisamehe, nesi," alisema. "Niliifungua. Nikaitazama siku nzima. Mikono haikutaka kufanya kitu."

Muuguzi alikipokea kikopo, akakiweka pembeni bila kukitazama.

"Saa itangoja. Wewe unaendeleaje?"

Ni swali ambalo watu huulizana kila siku, na jibu lake huwa "sijambo." Lakini muuguzi aliketi alipouliza, akasubiri. Fundi saa naye akaketi. Akaanza kusema. Alisema juu ya miguu na mgongo. Alisema haoni ladha ya chakula, na usingizi haumpumzishi. Alisema akisikia mteja anashuka ngazi, anatamani ajifiche chini ya meza.

"Nitakuuliza jambo, na unijibu kweli," muuguzi alisema kwa upole. "Kuna wakati unaona afadhali usingekuwepo duniani?"

Mke alikuwa amerudi kwenye cherehani yake, mkasi mkononi. Akaacha kushona.

"Sijapanga kufanya lolote," fundi saa alijibu hatimaye. "Lakini asubuhi nyingine naona heri nisingeamka."

Mkasi ulimponyoka mke, ukaanguka sakafuni.

"Ahsante kwa kuniambia," muuguzi alisema. "Umefanya vizuri sana. Usione aibu. Huu si uvivu, wala si udhaifu wa mwanamume. Kuna ugonjwa unaitwa sonona. Ni huzuni nzito isiyoondoka, inakaa wiki na wiki, inakula nguvu na hamu ya maisha. Unatibika. Leo hii tunakwenda kumwona daktari."

"Leo?"

"Sasa hivi. Na fikra ile ikirudi, usikae nayo peke yako. Mwambie mkeo. Njoo kituoni saa yoyote. Umenisikia, kaka?"

"Nimesikia."

"Na wewe dada, kaa naye karibu. Mficha maradhi, unajua mwisho wake."

"Kifo humuumbua," mke alisema, akachukua mtandio wake.

Daktari wa kituo alikuwa kijana mwembamba, lakini hakuwa na haraka. Aliuliza maswali mengi. Unafanya kazi wapi? Unatoka saa ngapi? Unakula nini? Maumivu yako wapi hasa? Kisha akaagiza damu ipimwe. Alimpangia pia fundi saa kuonana na mshauri wa afya ya akili kila wiki.

Siku chache baadaye wakaitwa. Daktari alikuwa na wagonjwa wengi nje, kwa hiyo baada ya kuwaonyesha majibu, alimwomba muuguzi akae nao awaeleze vizuri.

"Vitamini D yako iko chini sana," muuguzi alisema.

"Mimi vitamini nilidhani ni mambo ya watoto," fundi saa alisema.

"Ni ya watu wote. Vitamini D huimarisha mifupa na misuli. Ndiyo maana miguu yako ilikuwa mizito na mgongo ulikuuma. Ubongo nao huitumia. Na vitamini hii ina ajabu yake. Kwenye chakula ipo kidogo tu. Ipo kwenye samaki wenye mafuta, kiini cha yai, na maziwa yaliyoongezewa vitamini. Nyingi tunaitengeneza wenyewe, jua likigusa ngozi."

Mke alishtuka. "Jua? Lakini hapa kwetu jua linawaka mwaka mzima!"

"Linawaka nje, dada. Mumeo yuko chini ya ardhi. Anatoka halijatoka, anarudi limekwenda. Jua halijamgusa mikono tangu lini?"

Fundi saa alihesabu kwa vidole, akaacha. "Mwaka na zaidi."

"Na wewe dada, unashona dirishani ukidhani unapata jua. Kioo kinapitisha mwanga, lakini kinazuia ile miale inayotengeneza vitamini. Na sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda mrefu kidogo juani kuliko wenye ngozi nyeupe."

"Kwa hiyo huzuni yangu yote ni ukosefu wa jua?" fundi saa aliuliza. Kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa na uhai.

Muuguzi alitikisa kichwa. "Nisikudanganye. Wataalamu wameona kuwa watu wengi wenye sonona wana vitamini D kidogo. Lakini hawajakubaliana kipi huanza. Pengine upungufu unaongeza huzuni. Pengine mwenye huzuni anajifungia ndani, ndipo anakosa jua. Pengine yote mawili, kila moja likilisukuma lingine. Ndiyo maana daktari anatibu pande zote. Vidonge vya vitamini kwa ajili ya upungufu. Mshauri kwa ajili ya moyo. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Na jua?"

"Kila siku panda ngazi mchana. Kunja mikono ya shati. Tembea, kaa nje robo saa hadi nusu saa. Usikae mpaka ngozi ikaungua. Na usile tena kule chini."

Wakarudi nyumbani. Njiani mke alimshika mumewe mkono. Hawakuwa wameshikana mikono barabarani tangu walipooana, na mwanamke mmoja mwenye ndoo aligeuka kuwatazama. Mke hakujali. Tatizo la mumewe sasa lilikuwa na jina. Alijisikia kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Habari zilimfikia wifi. Kesho yake alikuja na mfuko wa karatasi. Akaumimina mezani. Zilikuwa chupa tano za vidonge vya vitamini D, kutoka maduka mbalimbali.

"Ameze vitano vitano," alisema. "Dawa ikiwa nzuri moja, tano je?"

Mke hakubishana naye. Alimpeleka moja kwa moja kwa muuguzi.

"Mama, chumvi ni nzuri?" muuguzi alimuuliza.

"Nzuri."

"Basi tia vikombe vitano kwenye chungu, tukale kwako."

Wifi akacheka hata akashika mbavu. Muuguzi akamweleza. Vitamini D ikizidi, mwili hauitoi haraka. Inajikusanya. Inapandisha madini ya chokaa, yaani kalsiamu, kwenye damu, mtu anatapika, na figo zinaweza kuharibika. Kipimo kinatoka kwa daktari, baada ya damu kupimwa.

"Wewe unataka kumsaidia kaka yako?" muuguzi aliuliza.

"Ndiye kaka niliyebaki naye," wifi alisema. Sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi ndiye niliyemwambia ajikaze."

"Basi usimwambie tena. Njoo mchana, umtoe nje, mtembee."

Wifi alikuja kweli. Kila siku saa sita na nusu alisimama juu ya ngazi akaita, "Wewe mtu wa chini! Toka!" Hata siku fundi saa alipotaka kukataa, ilikuwa rahisi kutoka kuliko kuendelea kusikia ile sauti. Wakatembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. 

Wiki ya tatu fundi saa alikata tamaa. "Sioni tofauti," alimwambia mkewe. "Naacha."

Mke alikwenda kuuliza. Muuguzi akasema, "Mwili uliopungukiwa mwaka mzima haujai kwa wiki tatu. Mwambie aendelee. Na asikose siku ya mshauri, hata moja."

Akaendelea. Ilikuwa wiki ya saba, jioni, walipokuwa mezani. Fundi saa alitia kijiko cha kwanza mdomoni, akakunja uso.

"Mke wangu, chumvi imezidi."

Mke aliweka kijiko chini. Kwa miezi mingi mumewe hakuwa amesifu wala kulalamika. Angeweza kumpikia maji matupu, asijue. Sasa alikuwa ameonja! Mke aliinuka, akaenda jikoni, akajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo ili mumewe asimwone anavyocheka.

"Umekasirika?" mumewe aliita.

"Hapana! Lalamika tu, baba! Lalamika mpaka uchoke!"

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, lakini yalikwenda. Maumivu ya mapaja yalipungua. Usingizi ukawa usingizi. Zilikuwepo siku mbaya, na siku hizo alisema, "Leo ni mbaya," wakakaa pamoja mpaka ipite. Saa ya muuguzi ilikwisha kutengenezwa, na wateja wengine walirudi mmoja mmoja.

Mwezi wa nne wa matibabu damu ilipimwa tena. Wote wawili walikwenda kuchukua majibu.

"Vitamini yako imefika panapotakiwa," muuguzi alisema. "Daktari amepunguza kipimo cha vidonge. Mshauri utaendelea kumwona mara moja kwa mwezi. Na jua usiliache. Umejitahidi, kaka."

Fundi saa alivuta pumzi ndefu, akaitoa yote. "Nimerudi, nesi," alisema. "Sikujua nimekwenda mbali vile."

Muuguzi aliandika kwenye faili, akaifunga. Kisha akamgeukia mke.

"Na wewe, dada? Unaendeleaje?"

Mke alifungua mdomo aseme "sijambo." Akaliacha neno hilo. Kwa miezi yote ile alikuwa amepika, ameshona, amefuatilia dawa, na kila asubuhi alisikiliza kama mumewe anapumua. Hakuna aliyemuuliza. Machozi yakamtoka, na huku anacheka.

"Jamani, nalia nini? Mgonjwa si mimi!"

Fundi saa alivuta kiti chake, akakisogeza karibu na cha mkewe mpaka vikagusana.

"Sema tu, mke wangu," alisema. "Zamu yangu kusikiliza."

Naye akaanza kusema.