Mkato na Hadithi Iliyongoja Majaji

Jirani zangu, nisikilizeni. Mimi ni mshona viatu, si mwandishi, lakini udadisi nimejaliwa, na kisa hiki nakifahamu kwa sababu ninachangia ukuta na wenyewe.

Nyumba ya pili alikaa mwandishi wa kujitegemea ambaye mtaa mzima tulimwita Mkato, maana hata akizungumza alisimama katikati ya sentensi, akavuta pumzi, ndipo akaendelea. Aliandika chochote alicholetewa: hotuba za harusi, matangazo ya maduka, hata maelezo ya dawa ya meno. Mkewe alishona nguo sebuleni. Mama yake Mkato, mkunga wa zamani ambaye hakuwahi kuingia darasani, aliketi kando ya cherehani akifumua mishono iliyokosewa. Kila jioni Mkato alimsomea alichokiandika mchana. Bibi akisema, "Hapo umedanganya, mwanangu," Mkato alifuta. Waliishi kwa raha.

Siku moja Mkato akaingia shindano la hadithi, na jina lake likatajwa miongoni mwa waliokaribia kushinda. Mchovya asali hachovyi mara moja. Tangu hapo ikawa shindano baada ya shindano, na wateja wakawekwa kiporo. Kuna bwana harusi alipata hotuba yake keki imeshaliwa.

Nilitaka kujua, kwa hiyo nikamuuliza, "Jirani, hivi mashindano haya yanalipa?"

"Yanalipa jina."

"Na jina likitiwa sufuriani linachemka kwa muda gani?"

Mkato alicheka. Mkewe, ambaye sasa alishona kuziba na pengo la mumewe, hakucheka.

Kisha likatangazwa shindano kubwa kuliko yote, na Mkato akaandika hadithi ya mama yake: jinsi alivyovuka mafuriko kwenda kumzalisha mwanamke aliyekwama juu ya paa. Alipomaliza, alitoka chumbani uso unang'aa.

"Mama, nimekuandika wewe."

Bibi aliweka nguo chini. "Haya, nisomee."

"Siwezi, mama. Masharti yanasema hadithi isiwe imewahi kutoka popote."

"Kwani mimi ndiye popote?"

"Vumilia kidogo. Matokeo yakitoka nitakusomea yote."

Sasa, jirani zangu, mjue kwamba masikio ya bibi yalikuwa yanafifia. Ukimsalimia, ulirudia. Mkewe Mkato aliliona hilo mapema.

"Baba watoto, mama anasikia kwa taabu siku hizi. Msomee hata ukurasa mmoja."

"Niondolewe kwa ajili ya ukurasa mmoja?"

"Basi wapigie simu, uwaulize."

"Wataniona mshamba."

Hapo ndipo ninaposhangaa hadi leo. Mtu huyu aliweza kumuuliza mwenye dawa ya meno maswali mpaka jamaa akaomba maji, lakini la kwake mwenyewe hakuuliza. Majaji wakaahirisha matokeo, wakaahirisha tena. Kila bibi alipomkumbusha, alijibiwa kwa sauti ya juu zaidi kuliko mara iliyotangulia, "Bado kidogo, mama!"

Mwisho wa yote, Mkato alishinda. Ndiyo, alishinda kweli, nafasi ya kwanza! Nami nilikuwepo ukumbini, nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mchapishaji mmoja alimfuata palepale akitaka kitabu. Kabla hatujatoka, Mkato alimwendea katibu wa shindano.

"Sasa naruhusiwa kumsomea mama yangu?"

Katibu alimkodolea macho. "Mama yako? Ungemsomea tangu siku ya kwanza, ndugu yangu. Tulikataza kuchapisha. Nani alikukataza kumsomea mama?"

Hakungoja picha. Tulimkuta nyumbani amepiga magoti mbele ya bibi, anasoma. Bibi aliangalia midomo yake. Mkato akapaza sauti, akapaza tena, mpaka wapita njia wakasimama mlangoni. Mtaa mzima tulisikia habari ya mafuriko, ya paa, ya kile kitoto kilicholia. Aliyevuka mafuriko hakusikia kitu.

Mkato alipofika mwisho, bibi alimpapasa shavu. "Umesoma vizuri, mwanangu, nimekuona," alisema. "Mimi humo nimefanya nini?"

Mkato alilia kama mtoto, na mimi sikuweza kujizuia.

FUNZO

Msije mkasema mshona viatu anapinga mashindano. Lile lilimpa Mkato mchapishaji, na wateja wengine wamerudi. Mwandishi na ashindane, ila asome masharti, na asipoelewa aulize, maana kuuliza si ujinga. Mteja apewe haki yake kwanza, kwa kuwa ndiye anayewasha jiko. Na wewe uliyeandika habari za mtu aliye hai, usimpange foleni nyuma ya majaji. Majaji wa mwaka huu ukiwakosa, mwakani wapo wengine. Nenda kamsomee leo, angali anasikia.