Waridi Lililochokwa

Kila siku akitoka shule, Fransiska alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kucha, akavaa sweta, kisha akakimbilia barazani kwa Bi Kulsumu, hapo hapo mtaani Malangali. Akina mama wa kikundi walikutana pale kudarizi vitambaa vya meza. Wao walishika sindano. Yeye, mtoto wa darasa la sita, alishika penseli. Alichokichora kwenye kitambaa cheupe ndicho walichokifuata kwa nyuzi za rangi, na kwa sababu hiyo walimwita fundi. Jina hilo lilikuwa limeanza kumpandisha mabega.

Kumbe fundi mwenyewe alikuwa na ua moja tu. Lilikuwa waridi alilolinakili kutoka kwenye mfuniko wa kopo la biskuti, pamoja na ndege wawili waliotazamana. Mwanzoni lilipendwa mno. Baadaye likaenea mitaa yote ya Malangali na Milanzi: likafunika viti, redio, mitungi ya maji, na hata cherehani ya Bi Kulsumu.

Alasiri moja ya mwezi wa Novemba, Bi Kulsumu, aliyekiongoza kikundi na kuuza vitambaa katika duka la mumewe lililopakana na baraza, aliweka furushi la vitambaa katikati.

"Hivi havinunuliki," alisema. "Wateja wamelichoka waridi. Na maonyesho ya sikukuu ya Uhuru ndiyo hayo yanakuja. Mnunuzi wa ushirika atachagua kikundi kimoja cha kudarizia nyumba ya wageni. Tukikosa kazi hiyo, sioni kama tutaendelea."

Akina mama waliacha sindano. Bi Kulsumu akamgeukia Fransiska. "Mwanangu, kipya kinyemi. Jumamosi tuletee mchoro mwingine. Kama huwezi, sema mapema, penseli tumpe mtu mwingine."

"Nitaleta, Bi Kulsumu," alijibu Fransiska.

Mateso yakaanza. Kila jioni alikaa na karatasi akingoja wazo lije, na wazo halikuja. Alilizidishia waridi majani, likabaki waridi. Aliwageuza ndege wakawa kuku. Mama yake akamuuliza kama wale ni bata. Kila alipofikiri juu ya mkono mwingine ukishika penseli yake, alikunja karatasi na kuanza upya. Bila penseli ile, pale barazani angekuwa mtoto wa kutumwa maji tu.

Ijumaa alipita kwa rafiki yake Atusaye, ambaye wazazi wake walihamia kikazi kutoka Tukuyu, kwenye migomba mingi. Kwenye kamba ya kuanikia palikuwa na kitambaa kizuri ajabu: majani ya mgomba yaliyosukana, na katikati yake mkungu wa ndizi.

"Bibi amemchorea dada Elizabeth, cha harusi yake," Atusaye alisema kwa fahari. "Hakuna kingine kama hiki."

Akaingia ndani kuchota maji ya kunywa. Fransiska alibaki uani, akakitazama kitambaa jani kwa jani mpaka mchoro wote ukamkaa kichwani.

Jumamosi aliuchora barazani, akina mama wakapiga vigelegele. Bi Kulsumu peke yake ndiye aliyekunja uso kidogo.

"Migomba hii umeiona wapi, katika baridi yetu hii?"

"Nimeiwaza tu," Fransiska alisema akitazama chini.

Sindano zikaanza. Bi Kulsumu alitoa uzi wa kijani aliouficha tangu nyuzi zilipoadimika madukani. Hawajafika mbali, Atusaye akatokea, ametumwa chumvi dukani. Alikitazama kitambaa, akamtazama Fransiska, akakirudia kitambaa. Akaondoka bila chumvi. Njia ya mwongo ni fupi, na Fransiska alijua kwamba yake imekwisha. Alasiri nzima kila mlango ulipolia alishtuka, akidhani Elizabeth amefika.

Kesho yake alikwenda shambani na mama yake kuvunja intumba, yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake.

"Mbona unapiga jembe kama unamchapa mtu?" mama aliuliza.

Fransiska akaangua kilio, akaeleza yote. Mama hakumbembeleza.

"Umeiba," alisema. "Ungechukua kuku wao tungekuita mwizi, na mchoro nao ni mali ya mtu. Kesho utawaambia wote, kwa mdomo wako mwenyewe."

"Watanifukuza, mama. Na mchoro mwingine sina. Nakaa, nangoja, wazo haliji."

Mama aliinama, akaokota bonge la udongo mweusi. "Hili lilikuwa nini?"

"Nyasi."

"Tulizifukia lini?"

"Mwezi wa pili, mvua zikinyesha."

"Basi. Ningengoja mpaka leo ndipo nitafute nyasi, ulezi ungekula nini? Wewe unataka kufukia na kuvuna siku moja. Tazama vitu kila siku, uchore hata visivyo na kazi, uviache viive. Siku ya haja utakuwa na cha kuvunja."

Jumatatu Fransiska alianza kwa Atusaye. Mlango ulichelewa kufunguliwa. Ulipofunguka, akaomba radhi.

"Sijamwambia dada," Atusaye alisema. "Nilitaka useme wewe. Nenda ukafumue kwanza, halafu tutaongea."

Barazani alisema yote. Bertilla, mmoja wa akina mama, alimtupia kitambaa mapajani. "Uzi wetu huo," alisema kwa hasira. Bi Kulsumu alimwamuru afumue wote mwenyewe. Penseli hakumpa mtu, aliiweka kabatini.

Tangu siku hiyo Fransiska alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: pembe za ng'ombe wanaorudi malishoni, nyufa za tope lililokauka, masuke ya ulezi yaliyobaki ghalani. Mengi yalikuwa mabaya, na mama alinung'unika juu ya ukuta wake. Lakini masuke yale, yaliyojikunja kama vidole, aliyarudia na kuyarudia, akayazungushia maua ya maharage. Bi Kulsumu alikuja, akautazama ukuta mchoro kwa mchoro, kisha akarudi kwake, akafungua kabati na kumrudishia penseli.

Siku ya maonyesho mnunuzi aliinama juu ya kitambaa cha ulezi. Atusaye, ambaye pamoja na dada yake walikwisha kumsamehe Fransiska, alisimama kando ya rafiki yake.

"Mchoro huu sijauona popote," mnunuzi alisema. "Lakini sisi tutataka vipya kila msimu. Baada ya huu mna nini?"

Bi Kulsumu akamgeukia Fransiska, naye Fransiska akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Tuna pembe za ng'ombe," alisema. "Tuna nyufa za tope. Na mwingine bado haujaiva."

Mnunuzi akacheka, akampa Bi Kulsumu mkono. "Basi kazi ni yenu."

Njiani kurudi, Bi Kulsumu alipunguza mwendo ili atembee naye.

"Ungekuja na migomba ya watu, swali lile lingekumeza," alisema. "Cha kuiba ukishakitumia huna pa kuchota kingine. Ufundi si kupata wazo moja, mwanangu. Ni kuwa mkweli, na kufanya kazi hata siku ambayo hakuna anayekuuliza."

"Nimesikia, Bi Kulsumu."

"Haya. Kesho anza na zile pembe. Moja umeipinda vibaya."