Sanduku Lenye Macho

Anatole alipakia mtumbwi wake wa injini ufuoni Kalemie, kama kila wiki: unga wa muhogo, magodoro na mbuzi mmoja mkaidi. Juu ya mizigo mwuguzi aliweka sanduku la buluu la kutunza baridi. Ndani mlikuwa na matone ya polio ya watoto wa kijiji kimoja cha kusini, na barafu ya kuyalinda.

"Papa Anatole, hapana kufungua," mwuguzi alisema. "Itafunguliwa kule, mbele ya Mama Virginie."

Achille, fundi wa injini, alicheka, akasema Anatole amekuwa Uria. Jumapili kanisani walisikia habari za Uria, askari wa mfalme Daudi. Uria alipewa barua ampelekee mkuu wa vita, na ndani iliandikwa kwamba yeye Uria auawe. Aliibeba mpaka mwisho bila kuifungua. Anatole alisema wazi kwamba yeye angeifungua.

Maneno huumba. Anatole alikuwa na nyama ya ng'ombe wa milima ya Pepa, zawadi ya kumpelekea binti yake Olga, aliyejifungua katika kijiji hicho cha kusini. Jua lilipopanda, nyama ikaanza kutoa harufu. Anatole akakata utepe wa sanduku, akatoa barafu yote, akaizungushia nyama.

Hapo akaona vichupa. Kila kimoja kilikuwa na duara la zambarau, na katikati ya duara mraba mdogo mweupe. Ni kama macho, na yote yalimtazama yeye. Akafunga haraka.

Alasiri injini ikazimika. Walikaa siku mbili penye ufuo usio na watu. Ziwa lilitulia kama maji ya beseni. Hata hivyo, kila Anatole aliposogeza mguu, kitu kiligonga ndani ya sanduku: ko, ko. Mbuzi alilikodolea macho sanduku, akakataa majani.

Siku ya pili Anatole alifungua tena. Ile miraba myeupe haikuwapo. Yote ilikuwa imeiva, zambarau nzito, sawa na duara.

"Vinaniona," alinong'ona.

Achille naye aliogopa. Alitaka sanduku litupwe majini. "Tutasema wimbi njo lilibeba. Nani atajua?"

Anatole alitikisa kichwa. Asubuhi iliyofuata injini ilipona. Waliondoka ndani ya ukungu, hawaoni mbele, na nyuma ya mgongo wake kitu kiligonga njia nzima.

Kijijini akina mama walikuwa wamepanga mstari. Wa kwanza alikuwa Olga, na mtoto aliyepewa jina la babu yake, Anatole. Mama Virginie, mwuguzi wa pale, akanyoosha mikono apokee sanduku. Anatole hakuliachia.

"Mama Virginie, nilifungua," alisema. "Barafu nilitia kwa nyama ya Olga. Hii dawa iliniona."

Virginie hakumgombeza. Alikipeleka kichupa kimoja penye mwanga, akamwonyesha. Hakuna pepo, alisema. Rangi ile hubadilika kwa joto. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, dawa ni nzima. Ukilingana na duara, dawa imeharibika, wala mtoto asipewe, maana haitamkinga na kupooza. Na ule mlio wa ko, ko? Barafu ilipotoka, vichupa vilikosa kitu cha kuvibana.

Akina mama wakarudi nyumbani na watoto wao bila matone. Olga alipita bila kumtazama baba yake. Anatole alilia mbele za watu, hakujificha. Akauliza kama kuna mtu mwingine wa kutumwa.

"Dawa imekufa, hata ungenyamaza ningeona," Virginie alimjibu. "Lakini muntu wa kutuma tena, ningemutoa wapi? Basi, rudi Kalemie, ulete ingine."

Akarudi Kalemie, akapakia tena. Safari hii hakubeba nyama. Alikaa ameegemea sanduku jipya, na hata usingizi ulipomshika alilala hapo hapo, kama Uria alivyolala mlangoni kwa mfalme wakati wenzake wakiwa vitani. Achille akamtania: je, kama ndani kuna barua ya kumuua?

"Ifike vilevile," Anatole alisema.

Sanduku lilikaa kimya njia nzima.

Mama Virginie alikata utepe mwenyewe. Miraba ilikuwa myeupe. Akadondosha matone mawili mdomoni mwa Anatole mdogo, naye akakunja uso. Olga akacheka, akamwita baba yake asogee. Kile kichupa kilimtazama Anatole, na yeye hakugeuza uso.