Rogath Hakwenda China

Mambo haya alinisimulia Matilda, mke wa Rogath, mwaka huu baada ya Pasaka. Alikuja kunijulia hali, maana mguu wangu ulikuwa unauma. Tulikaa uani, akanisaidia kuchambua mchele. Mchele ukaisha, maneno hayakuisha. Mwishoni akasema, "Bibi, yaandike. Na majina yetu usiyafiche. Tumeshachoka kuficha."

Basi nayaandika kama nilivyoyasikia.

Rogath na Matilda wanauza vyombo vya nyumbani Kariakoo, karibu na Barabara ya Msimbazi. Wanauza sufuria, mabeseni, hotpoti na chupa za chai. Duka liko chini, wao wanakaa juu yake, ghorofa ya kwanza. Dirisha la sebule linatazama mtaani. Rogath alikuwa akinywea chai yake pale kila asubuhi, huku akitaniana na vijana wanaotandaza nguo za kuuza chini.

"Boss, shuka. Jua limeshakuzidi."

"Nakuhurumia tu. Nikifungua mimi, wewe utamuuzia nani?"

Jirani yao wa duka ni Ismail, mtu wa Masasi, anauza mapazia. Maduka yao yanapakana ukuta mmoja. Ismail humwita Matilda shemeji.

Disemba ya mwaka juzi, Benedict, kaka yake Rogath, alikufa kwa ajali ya gari. Alikuwa anakwenda nyumbani Kilimanjaro kwa ajili ya Krismasi. Kila mwaka ndugu hao walisafiri pamoja. Safari ile Rogath alimwambia, "Kaka, tangulia. Wateja wa sikukuu ni wengi. Nitakuja nyuma."

Benedict akatangulia.

Walizika. Watu walimpa Rogath pole, wakamwambia jikaze, wewe ni mwanaume. Akajikaza. Aliporudi Dar alifungua duka kesho yake. Hakulia. Alipanga sufuria, akazipangua, akazipanga tena.

Baada ya wiki chache Matilda akaona mumewe halali. Anajigeuza kitandani mpaka kunakucha. Chakula anakigusa, anakisukuma. Mteja akiuliza bei, anamkaripia. Halafu hata kukaripia kukaisha. Akawa anakaa tu anatazama sakafu. Mwisho akaacha kushuka dukani. Kuoga mpaka aambiwe.

"Rogath, uvivu huu umeutoa wapi?" Matilda alimuuliza.

"Sijui."

"Wewe si wa kwanza kufiwa."

"Najua."

"Sasa?"

"Nimechoka, mke wangu. Nimechoka tu."

Matilda aliniambia, "Bibi, alikuwa ananieleza ugonjwa wake. Mimi nikawa nasikia uvivu."

Siku moja mteja wa kutoka Mbagala aliuliza, "Mama, boss simuoni siku hizi."

Matilda aliona haya kusema mumewe yuko juu, hajaoga, haongei. Akajibu, "Amesafiri."

"China?"

Matilda hakukana. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo huenda China kufuata mizigo, kwa hiyo mteja alijijibu mwenyewe. "Basi mwambie aniletee zile chupa za chai zenye maua."

"Nitamwambia."

Hivyo ndivyo Rogath alivyopelekwa China, na huku yuko juu ya vichwa vyao.

Uongo ule ukataka kulishwa. Mtu aliye China haonekani dirishani, kwa hiyo pazia likashushwa. Haendi kanisani. Hapokei simu, kwa hiyo simu ikazimwa. Kila aliyeuliza alipewa habari mpya. "Anaendelea vizuri. Kapata mzigo mzuri. Baridi tu ndiyo inamsumbua." Sauti hizo zilipanda ngazi, na Rogath alizisikia zote.

Kuna asubuhi aliamka na nafuu kidogo. Alioga bila kuambiwa. Alivaa shati safi, akasema, "Nataka nitembee kidogo. Nifike hata Mnazi Mmoja, nirudi."

"Utapitaje?" Matilda alimuuliza. "Watu wote wanajua uko China."

Rogath akafungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akalivua, akarudi kulala.

Sasa nimtaje Mzee Pantaleo. Yeye ndiye aliyempokea Rogath alipokuja mjini akiwa kijana kutoka Rombo. Alimlaza kwake, akamfundisha biashara ya vyombo. Rogath alimwita baba. Mzee alikuwa na ugonjwa wa moyo na alishaacha kutembea sana. Lakini siku moja, wakati wa Kwaresima, alikuja na fimbo yake. Akakaa kwenye kiti cha dukani kupumzika.

"Shikamoo, baba," alisema Matilda.

"Marahaba, mwanangu. Mwanangu mwingine yuko wapi?"

"Yuko China, baba."

Mzee alitikisa kichwa. "China. Mtu amemzika kaka yake juzi tu, mnamtuma safari ya mbali hivyo? Nani wa kukaa naye huko?"

Matilda akasikia ngazi inalia. Akageuka, akamwona Rogath ameshuka ngazi chache. Amesimama pale kwenye kona, mzee hamwoni. Ameshika ukuta. Machozi yanamtoka, na yalikuwa machozi yake ya kwanza tangu msiba.

Hapo, uani kwetu, Matilda aliutoa mkono wake ndani ya ungo. Kisha akanionyesha. Aliupunga mkono kwa chini, haraka haraka, kama mtu anayefukuza kuku. "Hivi, Bibi. Nilimrudisha hivi. Naye akarudi."

Mzee Pantaleo aliinuka. "Akirudi mwambie aje kwangu. Asipite nyumbani kwanza. Aje kwangu."

Rogath hakuwahi kufika kwake. Wiki ya pili yake moyo wa mzee ulisimama. Matilda alikwenda msibani Ilala peke yake. Kila mtu alimwambia, "Pole, na huyo mwenzako huko ugenini ataipokeaje habari hii?" Mwili ulisafirishwa kwenda Kilimanjaro kuzikwa. Rogath hakuweza kwenda hata kuaga, kwa sababu yuko China.

Matilda aliporudi alimkuta amekaa ameuelekea ukuta.

"Afadhali ningekuwa mbali kweli," Rogath alisema. "Mbali kusikorudiwa."

Matilda alielewa. Lakini aliogopa kuuliza. Aliona akiuliza, atamtia wazo la kujiua. Akamletea uji.

Aliyeuvunja uongo ule ni Ismail. Alikuwa amekwenda China mwenyewe, kufuata vitambaa. Aliporudi hakufungua hata duka lake. Aliingia kwa Matilda, akavuta stuli, akakaa.

"Shemeji, jikaze. Nina habari mbaya."

"Habari gani?"

"Rogath hayupo China. Nimemtafuta kila hoteli wanayofikia Watanzania. Nimeuliza mpaka kwenye magodauni. Hakuna aliyemwona mwaka huu. Nadhani amepatwa na jambo."

"Najua," alisema Matilda.

"Unajua nini?"

"Kwamba hayupo China."

"Sasa yuko wapi?"

Matilda alinyoosha kidole juu.

Ismail alishtuka. "Amekufa?"

"Hapana. Yuko hapo juu. Sebuleni."

Ismail alitazama dari muda mrefu. Kisha akavua viatu, akapanda.

Alimkuta Rogath amekonda, ndevu zimemjaa. Hakumsalimia kwa kelele. Alikaa chini, pembeni yake.

"Unakumbuka mwaka ule nilifunga duka, nikasema nimekwenda Masasi kumuuguza mama?" aliuliza Ismail.

"Nakumbuka."

"Sikwenda Masasi. Mama alikuwa mzima, analima korosho. Mimi ndiye nilikuwa naumwa. Sikuweza kuamka, sikuona maana ya kuamka. Dada yangu akanipeleka hospitali. Niliona aibu kusema."

Rogath aligeuka kwa mara ya kwanza. "Ulikuwa hivi?"

"Hivi hivi. Na wewe ulikuwa upande wa pili wa ukuta, unanisubiri nirudi tutaniane." Ismail akamsogelea. "Nakuuliza jambo, unijibu kweli. Unafikiria kujiua?"

Matilda, aliyesimama mlangoni, alitaka kumziba mdomo.

"Ndiyo," alisema Rogath.

"Ahsante kwa kuniambia. Kuanzia sasa hukai peke yako. Tunaenda hospitali leo. Mimi nakushika mkono huu, shemeji ule."

Walitoka mchana, mtaa umejaa. Watu walimwona Rogath, wakabaki na maneno mdomoni. Kijana mmoja wa nguo akasema, "Boss umetua saa ngapi?" Ismail akamwambia, "Tupishe, anaumwa." Akapisha.

Hospitali walimkuta muuguzi anaitwa Leticia, wa kliniki ya afya ya akili. Aliwasikiliza mpaka mwisho, daktari akampima Rogath, kisha Leticia akawaeleza.

"Baba, ugonjwa wako unaitwa sonona. Si uvivu, si udhaifu, na hujarogwa. Unatibika."

"Lakini kila mtu anahuzunika akifiwa," alisema Matilda.

"Kweli, na huzuni ya msiba si ugonjwa. Mtu alie, aongee, apumzike, watu wakae naye. Lakini mtu akikaa wiki nyingi halali, hali, hafanyi kazi, hafurahii chochote, aletwe hapa. Na akitaja kufa, msingoje kesho."

"Niliogopa kumuuliza. Nilidhani nitamtia wazo."

"Wengi wanaogopa hivyo, mama. Kumuuliza mtu hakumtii wazo. Kunampa nafasi ya kulitua."

Akaendelea kwa utaratibu. Dawa hazifanyi kazi siku hiyo hiyo, huchukua wiki kadhaa. Mgonjwa akipata nafuu asiziache mwenyewe, arudi kwanza. Pombe asiguse. Dawa na kitu chochote kinachoweza kumdhuru vitunzwe mbali naye. Aje kliniki kuzungumza na mshauri. Aamke, aoge, atembee, afanye kazi ndogo hata kama hana hamu.

"Na asifichwe," alisema Leticia. "Mtu aliyefichwa hupona kwa shida." Kisha akamtazama Matilda. "Na wewe mama, unalala?"

Matilda alitikisa kichwa.

"Mwenzako amekuja na watu wawili wa kumshika. Wewe anakushika nani? Anayeuguza naye huchoka. Tafuteni zamu."

Rogath hakupona kwa siku moja. Wiki za kwanza alisema dawa zinamkausha mdomo tu. Asubuhi Ismail alimgongea wakatembee kabla mtaa haujajaa. Siku nyingine walifika Mnazi Mmoja, siku nyingine waliishia kona ya kwanza wakarudi. Alianza kufuta vumbi kwenye hotpoti. Pazia lilipandishwa. Wakati fulani alijiona mzima akataka kuacha dawa, Matilda akampeleka kwa Leticia, wakazungumza, akaendelea nazo.

Yule mteja wa Mbagala alipokuja, alifurahi. "Boss, umerudi. Chupa zangu za maua ziko wapi?"

Matilda aliinamisha uso. Rogath akasema, "Sikwenda China. Nilikuwa naumwa sonona. Nilikuwa hapo juu."

Mteja akasema, "Pole sana. Kumbe. Mimi nilidhani chakula cha Wachina ndicho kimekukondesha."

Rogath akacheka. Mpaka leo wapo wanaomwita Guangzhou, jina la mji wa China wanakofuata mizigo. Anaitika.

Disemba iliyopita walikwenda Kilimanjaro pamoja. Kwa Wachaga, mtu aliyekosa huja na jani la sale mkononi. Aliyekosewa akilipokea, amesamehe. Matilda alilipeleka kwa mjane wa Mzee Pantaleo, akamweleza kila kitu, hata ule mkono aliopunga.

Mjane alilipokea. Akalishika kwa mikono miwili. "Mimi nimekusamehe," alisema. "Lakini asubuhi ile ya mwisho mzee aliniuliza, Rogath hajarudi? Nami nikamwambia bado yuko China. Jani la mzee siwezi kulipokea mimi. Lipeleke kule alipo."

Matilda alichuma jani jingine, akaliweka kaburini. Rogath alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Akasema, "Baba, nimekuja." Walikaa pale mpaka ukungu ukashuka.

Januari walifungua duka tena. Mchana mmoja Matilda alikuwa anamhudumia mama mmoja, akakosea, akampa mfuniko usiolingana na sufuria. Macho yalikuwa yanajifumba kwa usingizi.

"Nenda juu ukalale," alisema Rogath.

"Na wateja?"

"Nipo mimi. Leticia alisema zamu. Hii ni yako."

Matilda alipanda. Sebuleni dirisha lilikuwa wazi, kelele za Kariakoo zinaingia zote. Alijinyoosha kwenye kochi, pale pale Rogath alipokaa miezi ile. Ndipo akajua kwamba kutoka pale kila neno la dukani linasikika.

Akamsikia mteja anauliza, "Mama leo yuko wapi?"

Akazuia pumzi.

"Yuko juu," alisema Rogath. "Amechoka. Anapumzika."

Matilda akaachia pumzi. Akaweka kanga chini ya shavu, akalala.