Baba Machela na Barua ya Muhula Mmoja

Haya, sogea karibu nikutegee. Nimeondoka, sijahama. Nimefika, sijahamia. Mimi ni nani?

Unasema msafiri? Umekosa. Mgeni? Umekosa tena, ingawa umekaribia. Maiti? Ala! Nani huyo amesema maiti? Maiti amehama moja kwa moja, harudi. Kama umeshindwa, nipe mji nikufungulie.

Asante, mji nimeupokea. Jibu ni mwanafunzi aliyekwenda kusoma nchi nyingine kwa mpango wa vyuo kubadilishana wanafunzi. Usione aibu kushindwa. Yuko baba mmoja aliyekuwa na jibu hilo nyumbani kwake, kwenye karatasi, na bado hakuliona. Nisikilize nikusimulie.

Baba huyo alikuwa mhudumu wa hospitali kubwa. Kazi yake ilikuwa kusukuma wagonjwa kwenye machela, kile kitanda cha magurudumu. Aliwatoa mapokezi akawapeleka wodini. Aliwatoa wodini akawapeleka chumba cha upasuaji. Wengine aliwasukuma hadi kile chumba cha mwisho wa uwanja, ambacho hakuna anayependa kukitaja. Aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na minane. Watu walimwita Baba Machela, naye aliitika.

Aliishi katika vyumba viwili na binti yake wa mwisho, ambaye watu wote walimwita Kitinda. Kaka na dada zake Kitinda walikuwa na miji yao, mbali. Mama yao alifariki mwaka uliotangulia, wakati wa mvua. Baba Machela ndiye aliyemsukuma mara ya mwisho. Wenzake walimwambia, "Acha, kaka, tutamsukuma sisi." Akawajibu, "Pale mlangoni pana kizingiti. Mtamtikisa."

Tangu siku ile nyumba ilipoa. Asubuhi Kitinda aliandaa chai, vikombe viwili. Mara nyingine alisahau, akaweka vitatu. Baba alikichukua kile cha tatu, akakirudisha kabatini. Redio haikuwashwa. Pazia la mbele lilikatika kamba upande mmoja, likaning'inia hivyo hivyo miezi na miezi.

Kitinda alikuwa mwaka wa pili katika chuo cha maabara. Walifundishwa kupima damu na makohozi, na kutazama vijidudu kwa hadubini. Alikuwa hodari. Siku moja alirudi na barua mkononi.

"Baba, nimechaguliwa."

"Umechaguliwa nini?"

"Chuo chetu kina mkataba na chuo kimoja cha nje. Kila mwaka sisi tunapeleka wanafunzi wawili, na wao wanaleta wawili. Mwaka huu mmoja wetu ni mimi."

"Nje ya mji?"

"Nje ya nchi, baba. Kwa ndege."

Baba Machela akaweka kikombe chini. "Muda gani?"

"Muhula mmoja. Miezi mitano. Nikusomee?"

Akamsomea barua yote. Baba alisikiliza huku anatazama lile pazia. Binti alipomaliza, akamuuliza, "Chuo cha hapa wamekutoa?"

"Kunitoa vipi?"

"Mwanangu, mimi kazi yangu ni kuhamisha watu. Mgonjwa haandikwi wodi mbili. Ukimpeleka wodi mpya kabla hajafutwa kwenye ile ya zamani, chakula kinakwenda huku, sindano zinakwenda kule. Mwisho anachomwa mara mbili. Nimeyaona kwa macho yangu. Anatolewa kwanza, ndipo anapokelewa. Kesho twende ukatolewe."

"Mwalimu wa ofisi ya ushirikiano ndiye anayejua haya mambo, baba. Yuko likizo mpaka wiki ya pili."

"Tumngoje wa nini? Mambo ya watu tuyaache safi."

Kitinda alisita. Lakini baba yake alizijua karatasi za hospitali kuliko hata baadhi ya manesi. Tena tangu msiba, hakupenda kumpinga.

Kesho yake walisimama mbele ya dirisha la usajili. Karani alikuwa kijana mwenye haraka.

"Niwasaidie nini, mzee?"

"Nimemleta binti yangu atolewe."

"Anaacha masomo?"

"Anahama," alisema Baba Machela. "Anakwenda chuo cha nje."

"Sawa. Ajaze fomu hii ya kujiondoa, na arudishe kitambulisho."

Kitinda akaishika kalamu. "Baba, imeandikwa kujiondoa."

"Ndiyo yenyewe. Weka sahihi, watu wako nyuma yetu."

Akaweka sahihi. Karani akakichukua kitambulisho, akakikata pembe kwa mkasi. Kipande kidogo kikaanguka sakafuni. Kitinda alikitazama, akaondoka.

Mwalimu wa ushirikiano aliporudi kutoka likizo, aliwaita. Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Kitinda, umefanya nini? Kule wanampokea mwanafunzi wa chuo hiki. Wewe sasa si mwanafunzi wa chuo hiki. Huku huna jina, na kule hawana sababu ya kukupokea. Majina yalitakiwa jana. Nimempeleka aliyekufuata kwenye orodha."

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi lililokuwa kando ya mlango. Wanafunzi walipita na makoti yao meupe. Kitinda akamgeukia baba yake.

"Baba, barua nilikusomea mwenyewe. Ilisema muhula mmoja. Karani alipokuuliza, ukasema nahama. Ulitaka nisiende?"

Baba Machela akavua kofia. Akaitazama kwa ndani, kama mtu aliyepoteza kitu humo. Akaivaa tena.

"Twende nyumbani," alisema. "Jua kali."

Siku hiyo mbingu yote ilikuwa mawingu matupu.

Zikafuata wiki mbaya. Kitinda alikaa nyumbani kama mtu aliyefukuzwa. Wenzake wakipita njiani, aliingia ndani. Baba alianza kuomba zamu za ziada, akirudi analala. Waliongea habari za chumvi na sabuni tu. Mtu angewasikia angedhani ni wapangaji wawili wasiojuana.

Jirani wa ukuta wa pili alikuwa mama mmoja, karani wa kumbukumbu katika chuo kingine. Kwa vile hakutoka bila bahasha kwapani, mtaa ulimpa jina la Mama Mafaili. Wakati wote huo hakuwapo. Alikwenda kumuuguza dada yake. Aliporudi, alimkuta Kitinda uani anafua.

"We Kitinda! Leo Jumanne saa nne. Chuo kimehamia kwenye karai?"

Kitinda alitaka kucheka, akalia. Akaeleza yote. Mama Mafaili alimsikiliza akiwa amesimama, bahasha kwapani. Jioni alikuja akaketi, akamngoja Baba Machela arudi kazini.

"Jirani, pole na kazi. Nina swali la hospitalini kwako."

"Uliza tu, dada."

"Mgonjwa wa wodi ya wanaume akipelekwa chumba cha picha, kupigwa picha ya kifua, unamfuta kwenye orodha ya wodi?"

"Nimfute wa nini? Si anarudi?"

"Na kitanda chake?"

"Kinamngoja. Nikimpa mtu mwingine, nesi atanimeza mzima mzima."

"Na chakula chake kinahesabiwa wapi?"

"Wodini kwake. Wapi tena?"

"Basi, jirani yangu, mwanao alikuwa anapelekwa chumba cha picha. Wewe umemwandikia ruhusa ya kutoka hospitali."

Baba Machela alikuwa bado amesimama mlangoni. Akaja akakaa taratibu, mikono juu ya magoti.

"Mpango huu ni wa chuo na chuo," Mama Mafaili aliendelea. "Wamekubaliana kwa maandishi. Mwanafunzi wa hapa analipa ada hapa, wa kule analipa kule, halafu wanabadilishana viti. Ndiyo maana jina lake lazima libaki hapa mpaka arudi. Likifutika hapa, na kule limefutika."

"Na masomo ya kule?" aliuliza Kitinda. "Yanahesabiwa hapa?"

"Hapo ndipo wengi wanapoangukia. Jirani, daktari akimtuma mtu kupigwa picha, si anaandika ya wapi?"

"Anaandika. Kifua, goti, nyonga."

"Na akirudi na picha ya goti, na daktari aliomba kifua?"

"Anarudishwa! Nimewarudisha wengi, na matusi nikayala mimi, kana kwamba goti nililipiga picha mimi."

Kitinda alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini ukuta ulikuwa haujakisikia muda mrefu.

"Sasa ni hivyo hivyo," alisema Mama Mafaili. "Kabla mtoto hajapanda ndege, mkuu wa idara aandike: atasoma somo hili na hili kule, badala ya hili na hili hapa. Vyuo vyote viwili viweke sahihi. Akisoma mengine kwa kupenda kwake, akirudi atayarudia ya hapa yote."

"Na nauli?" aliuliza baba.

"Uliza, usikisie. Mara nyingi mkataba unafuta ada ya kule tu. Nauli, malazi, bima na viza, vyuo vingine vinasaidia, vingine havisaidii. Muulizeni mwalimu wa ushirikiano, tena awape kwa maandishi. Pasipoti aiombe mapema, asingoje kuchaguliwa. Na karatasi yoyote msiyoielewa, msiisaini siku hiyo. Nendeni nayo nyumbani, ilale."

"Haya yote ya nini sasa?" alisema Baba Machela kwa sauti ya chini. "Nafasi imekwenda."

"Ya mwaka huu imekwenda, sitakudanganya. Lakini mtu aliyejiondoa anaweza kuomba arejeshwe. Kitinda aandike barua, aeleze. Na wewe uandike yako."

"Mimi niandike nini?"

"Andika ulichofanya."

Barua ya Kitinda ilikwisha siku moja. Ya Baba Machela ilichukua jioni tatu, na karatasi nyingi zilikwenda jikoni kuwashia moto. Iliyobaki ilikuwa na mistari michache: "Mimi ni mhudumu wa hospitali. Nilimwambia karani kuwa binti yangu anahama. Hakuwa anahama. Kosa ni langu. Yeye alitii."

Baraza la chuo lilimrejesha. Lakini muhula ulikuwa umekwenda mbali, ikabidi angoje mwaka mpya. Aliporudi, alikaa na waliokuwa nyuma yake. Wenzake wa zamani walikuwa wanamaliza, yeye bado. Aliyepata nafasi yake alirudi kutoka nje, akamsalimia kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kuchekwa.

Nafasi zilipotangazwa tena, aliomba. Walioomba walikuwa tisa kwa viti viwili. Alingoja wiki sita. Hakumwambia baba jinsi alivyokuwa anapita kila siku kwenye ubao wa matangazo na kurudi bure. Siku ya kupata, alimwambia kwa ufupi tu. "Nimepata tena."

"Nimesikia," alisema baba. "Mwalimu wako hayuko likizo?"

"Yupo ofisini."

Walikwenda wote wawili kwa mwalimu wa ushirikiano. Baba Machela alikuwa ameandika maswali yake nyuma ya karatasi ya zamu. Aliuliza nani analipa nauli. Aliuliza masomo yameandikwa wapi na nani ameweka sahihi. Aliuliza tarehe ya kurudi. Akamaliza, akauliza tena:

"Kitambulisho cha hapa anabaki nacho?"

"Anabaki nacho, mzee."

"Anakwenda nacho huko huko?"

"Mzee wangu, safari hii hakuna mkasi."

Chuo kililipa nauli. Malazi walisaidiana kaka na dada zake. Siku ya safari baba alimshika mkono, akamwambia, "Masomo ni manne. Usibebe la tano." Basi.

Miezi ile mitano haikuwa myepesi. Baba Machela alirudi kutoka kazini akakuta chumba kama alivyokiacha. Alikunywa chai kikombe kimoja. Kila Jumapili mchana simu ililia.

"Umekula, baba?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

Mara nyingi wote wawili walikuwa wanadanganya. Kule kulikuwa na baridi, na Kitinda aliogopa kutumia hela ya kula. Huku baba hakuona raha ya kupika sufuria ya mtu mmoja. Lakini siku moja nesi mmoja alimsimamisha kwenye korido, akamwambia kuwa mwanawe amepata nafasi kama ile, na kesho anakwenda kujiondoa chuoni. Baba Machela aliiacha machela pale pale, ikiwa tupu. "Asisaini!" alisema. "Mwanao anapelekwa picha, dada, hahami wodi." Akamweleza mpaka akaelewa.

Kitinda alirudi kwa tarehe iliyoandikwa. Alikuwa amekonda, na alikuwa amejifunza kutumia mashine ambazo chuo chake kilikuwa nazo kwenye picha tu. Wiki ya pili idara ilimpa karatasi ya matokeo. Masomo yote manne yalihesabiwa. Hakuna la kurudia hata moja. Aliileta nyumbani, akaiweka mbele ya baba yake.

Baba Machela aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika chini, alianza tena juu. Kitinda akanyoosha mkono aichukue aikunje.

"Usiikunje. Ngoja."

Akangoja.

"Uliniuliza kitu, pale kwenye benchi," alisema baba, macho yakiwa kwenye karatasi.

Kitinda akaurudisha mkono. Hakuwahi kuliuliza tena swali lile.

"Ningekujibu wakati ule, usingeomba tena. Ungekaa hapa kunilinda."

"Baba, yamepita hayo."

"Hayajapita. Uliponisomea barua, nilisikia muhula mmoja. Kwamba ile fomu itakufungia njia, sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Lakini mwalimu aliposema huendi tena..." Akainua macho, akamtazama. "Nilifurahi, mwanangu. Siku tatu nzima nilifurahi."